Watu wa Kupuliza Dawa Wanakuja Kesho

Wee Chiriku!

Najua utacheka ukiona karatasi zote hizi. Mama yako, anayeongea mpaka na friji, leo kakaa kimya anaandika. Umetoka kwenda kuagana na wenzako, umeniambia "I'll be back, Mama, don't touch my bag," na begi nimeshaligusa. Nimetoa sweta moja nikaweka nyingine, basi, hayo yamekwisha. Sikuandikii habari za kula wala kulala wala kuvaa. Una akili zako. Nimeandika Kiswahili makusudi. Ukikwama, soma kwa sauti, utanisikia mimi mwenyewe, na mimi hujawahi kushindwa kunielewa hata siku moja, hata kama unanijibu kwa Kiingereza chako.

Nataka kukwambia habari ya mlango wetu.

Kesho asubuhi mjomba wako anakupeleka kwenye basi la Ohio, uende chuoni. Kesho hiyohiyo wanakuja watu wa kupuliza dawa ya mende, ambao mwaka huu wamechelewa miezi mizima, jengo zima, mlango kwa mlango. Meneja alinikuta juzi kwenye chumba cha mashine za kufulia, mikono imejaa shuka zako, yeye na lile furushi lake la funguo linalolia kama kengele ya mbuzi.

"Mwaka huu hakuna mjadala," akasema. "Mwenye jengo anataka kila mlango ufunguliwe. Wewe usipofungua, mwisho wa mwezi utafute pa kuhamia."

"Mwanangu ana pumu. Unajua."

"Binti yako si anaondoka? Nimesikia anaenda chuo, hongera sana. Basi sababu yako imekwisha."

Akanipa mkono! Na mimi mjinga nikaupokea, shuka zikaanguka.

Tangu siku hiyo sikai, silali vizuri, napanga makabati yaliyokwisha kupangwa. Wewe umeona, ukaniuliza kama ni kwa sababu unaondoka. Nikasema ndiyo. Ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ndiyo hii, na siwezi kukueleza bila kurudi nyuma kidogo, kwa hiyo vumilia.

Nilikuzaa nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Tulipofika hapa Langley Park wewe ulikuwa huna meno ya mbele na mimi nilikuwa sina akili. Spring ya kwanza, baridi ilipokatika, nikachungulia dirishani nikaona watu wanatoa makochi nje, wanakung'uta mazulia, madirisha wazi, muziki juu. Nikafurahi mno! Nikasema, kumbe hawa nao ni watu. Maana kwetu Morogoro ukifanya usafi wa sikukuu huendi kupangusapangusa kama unamfuta mtoto makamasi. Unatoa kila kitu uani, unamwaga maji ndoo kwa ndoo, unasukuma na fagio la chelewa mpaka maji yatoke yenyewe kwenye tundu, na nyumba inabaki inanukia sakafu.

Basi bwana, nikaanza na bafu. Nikajaza ndoo, nikamwaga. Nikajaza nyingine, nikamwaga. Wewe umekalia mfuniko wa choo, miguu juu, unapiga makofi. Nikashika fagio nisukume maji kwenye tundu. Tundu liko wapi? Nikatazama nyuma ya choo. Nikatazama chini ya sinki. Chiriku, watu hawa wamefika mwezini, lakini bafu lao halina tundu sakafuni! Nikasimama na fagio langu sijui nielekee wapi. Kisha nikaona maji yanapungua yenyewe. Nikafurahi tena. Nikadhani tundu lipo, ila limejificha kwa ustaarabu.

Mlango ukagongwa kama polisi. Mwanamke kavaa sare ya kazi, bega moja limelowa, kashika sufuria iliyojaa maji.

"Wee mama! Kwani huku juu mnachimba kisima?"

"Samahani dada, nilikuwa nadeki."

"Unadeki ama unabatiza? Dari yangu inanyesha! Niliweka hii sufuria, imejaa, nikaona ni vizuri nikuletee maji yako."

Ndivyo tulivyojuana na Auntie Nyambura. Alikuwa katoka kulea wazee wa watu usiku kucha, alitaka kulala, akalala kwenye mvua yangu. Angeweza kunipeleka kwa meneja. Badala yake aliingia, akatazama bafu, akatazama fagio, akaniuliza, "Ulikuwa unatafuta shimo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa bafu. "Aki hata mimi nilitafuta. Mwaka mzima." Tukafyonza maji kwa mataulo yetu yote, na yake pia.

Siku ile niliona aibu tu, sikujifunza chochote. Kujifunza kulikuja polepole, nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini: ukimwaga kitu, kinakwenda kwa mtu. Unadhani umekimaliza, kumbe umekiteremsha tu.

Lakini mimi kichwa kigumu, unanijua. Nikapata kazi ya kusafisha maofisi kule mjini. Huko nikakutana na dawa! Ya bluu, ya kijani, ya kupuliza, ya kumwaga, ya povu. Moja ukiifungua tu macho yanatoka machozi. Nilizipenda. Nisikudanganye, nilizipenda kama watu wanavyopenda marashi. Nilikuwa naamini kama pua haijaungua, hapajasafishwa. Nikaanza kuzinunua za nyumbani, nikazipanga chini ya sinki, na wageni wakija nafungua kabati makusudi wazione.

Halafu ikaja ile spring unayoikumbuka. Mimi naikumbuka kwa upande wangu. Nje kulikuwa bado na ubaridi, nikafunga madirisha. Nikapuliza povu ndani ya oveni, nikapuliza nyingine bafuni, nikamwaga nyingine kwenye zulia, naimba. Ukarudi shule. Ukaingia, ukasema "Mama, it smells," nikakwambia hiyo ndiyo harufu ya usafi, kafanye homework. Nilipogeuka ulikuwa umekaa kwenye ngazi nje, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi, na wewe mwenye maneno mengi kuliko redio huna hata neno moja. Nyambura ndiye aliyekubeba. Mimi nilikuwa nimeshika kile kipulizio chako cha pumu, nakitikisa, kimekwisha.

Hospitali daktari akaniuliza, "Leo umetumia nini nyumbani?" Na mimi nikamtajia zote, moja moja, kwa majina yake, na ipi inafanya kazi gani. Yaani nilikuwa najisifu! Nilidhani anataka kujua kama mwanangu anaishi pasafi. Yule daktari aliacha kuandika akanitazama. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata afueni.

Sasa usianze kulia juu ya karatasi yangu. Sikuandikii ili unihurumie. Nilirudi nyumbani nikatoa chupa zote chini ya sinki, na kabla sijazitupa nikataka kujua zina nini. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, hilo unalijua, na maneno ya nyuma ya zile chupa ni marefu kama treni. Nikaenda maktaba na chupa mbili kwenye mfuko. Yule mama wa maktaba alishtuka, nadhani alidhani nataka kunywa. Nikamwambia, "Nataka kitabu kinachosema hivi ni nini." Akanitafutia. Nikasoma kwa kamusi, neno kwa neno, mchana kabla ya kwenda kazini, mpaka nikaanza kuota kwa Kiingereza cha chupa.

Na makosa niliyofanya huko, wee! Bibi yangu alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, zinang'aa unajiona. Nikasema, majivu hayana sumu, nitumie majivu. Sasa Langley Park majivu utayatoa wapi? Nikapanda basi mpaka Bladensburg, kule mtoni kwenye majiko ya watu kuchomea nyama, nikachota kopo zima. Watu wananitazama kama mchawi. Nikarudi nikasugua sufuria zote. Kumbe wenzetu mkaa wao wanaumwagia mafuta ndio uwake haraka. Wiki nzima tulikula wali wa mafuta ya taa, ukaniambia, "Mama, it tastes like a gas station," nikakwambia kula, ni asili.

Halafu siki na baking soda. Nilisoma siki inasafisha. Nikasoma baking soda inasafisha. Nikasema, nikichanganya si nitasafisha mara mbili? Nikatia vyote kwenye chupa, nikafunga kifuniko barabara. Alama bado ipo kwenye dari juu ya jiko. Na wewe, mtoto wa shule ya msingi, umesimama mlangoni na nywele zimejaa povu, unaniambia, "Mama, they cancel each other out. It's basically salt water now." Nikakuuliza nani kakuuliza. Nikakufukuza jikoni. Kisha nikaenda maktaba nikakuta ulichosema ndicho. Vinauana. Unasugua kwanza na baking soda, unafuta, siki inakuja baadaye peke yake. Sikuwahi kukwambia ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi. Haya, nimesema.

Mwaka uliofuata watu wa dawa walipokuja, nilisimama mlangoni. Kijana wao ana tangi mgongoni, kavaa glavu, kavaa kifuniko cha pua na mdomo chenye vichujio viwili kama mashavu ya panya. Kupitia humo ananiambia, "It's perfectly safe, ma'am."

Nikamwambia, "Kama ni salama, vua hicho."

Hakuvua. Akamwita meneja. Meneja akaja mbio na funguo zake.

"Kuna mende," akasema.

"Kwangu hakuna."

"Kila nyumba ina mende."

"Nipe mpaka Jumatatu. Njoo na tochi. Ukimpata mmoja tu, pulizeni mnavyotaka."

Sijui ulimi ule niliutoa wapi, maana mende walikuwepo! Walikuwepo wengi mno! Usiku ule ule wewe uliwaona juu ya boksi la cornflakes. Lakini nilishatamka. Nikateremka kwa Nyambura nikamwambia nimejitia kitanzi. Akasema, "Umeahidi mzungu kwamba huna mende? Wewe unaumwa. Ngoja nivae slippers."

Unaikumbuka ile wikiendi? Ndiyo spring cleaning niliyoipenda kuliko zote. Tulitoa kila kitu kwenye majani kule nyuma, vitanda, kochi, sufuria, watu wakadhani tumefukuzwa, mama mmoja wa Guatemala akatuletea chakula kwa huruma. Tulivuta jiko kutoka ukutani. Mafuta ya nyuma ya lile jiko yalikuwa na umri mkubwa kuliko wewe. Tukakwangua kwa kisu, tukasugua kwa baking soda mpaka vidole vikakunjamana. Nikaziba kila tundu la bomba kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na juu yake plasta, maana nilisoma mende ana njia zake, na kiu humuua upesi kuliko njaa. Nikafunga bomba lililokuwa linadondoka kwa mpira niliokata kwenye ndala yako. Unga, mchele, sukari, vyote ndani ya machupa ya achari tuliyookota na kuchemsha. Nyambura yuko chini ya sinki, anapiga kelele, "Chiriku, lete tochi! Hapa kuna kijiji kizima na chifu wao!" Na wewe unacheka, unacheka na kifua chako kizima, hakuna hata kikohozi kimoja. Nilisimama na kisu changu nikakusikiliza tu.

Jumatatu meneja akaja. Akamulika nyuma ya jiko. Akamulika chini ya sinki. Akafungua kabati moja baada ya jingine, mwisho akaniuliza, "Umewaweka wapi?" Wallahi. Kama vile nimewahamishia kwa shangazi yako Temple Hills.

Tangu hapo kila mwaka natoa vitu nje, na kila mwaka meneja anamulika, anaguna, anapita. Na kila mwaka nilikuwa nasema lile lile: mwanangu ana pumu.

Ndiyo maana juzi pale kwenye mashine za kufulia aliniweza. Nilipanda ngazi nimevurugwa. Nikampitia Nyambura, nikadhani huyo atakuwa upande wangu kama siku zote.

"Fungua tu, Mama Chiriku," akasema. "Yaishe."

"Wewe unasema hivyo?"

"Mimi ndio nasema. Sasa mtoto anaenda, unapigania nani? Kifua chako ni kizima. Na ukitoka hapa unataka kuhamia wapi? Nyumba nyingine kama hii utapata wapi?"

"Atarudi likizo."

"Atarudi Desemba! Mpaka Desemba hiyo dawa imekufa, mende wamekufa, hata meneja pengine amekufa."

Nikacheka. Nikakaa kwenye kochi lake natafuta cha kumwambia. Mtoto anaondoka, sababu inaondoka naye kwenye begi. Miaka yote hii sikuwahi kusema sitaki. Nilisema yeye hawezi. Nilijificha nyuma ya mabega yako madogo kila spring, nikasema ni ushujaa. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira ile bado ninayo, ndiyo inayosukuma kalamu hii. Kwani mimi pua yangu ni ya nani? Mapafu yangu nimeyakopa? Lazima mtu augue ndipo aruhusiwe kuchagua kinachopulizwa mahali anapolala?

Chiriku, hili ndilo nilitaka kulisema, mengine yote ni kelele zangu. Huko uendako utakaa chumba kimoja na mtu usiyemjua. Atapuliza vitu. Wataosha korido kwa vitu. Utataka kusema nina pumu, na watakuelewa, ni vizuri, sema. Ila siku kifua kikiwa kizima, usidhani mdomo umekwisha kazi. Unaweza kusema sitaki, ukaishia hapo. Mimi nimechelewa kulijua hilo, nimelijua juzi, nimekaa kwenye kochi la mtu.

Sasa usidhani nimemaliza, maana Nyambura hakumaliza. Nilipomwambia sifungui, kwa jina langu mwenyewe safari hii, aliketi kando yangu. Kisha akasema taratibu, wala hakuwa na utani:

"Sawa. Wakipuliza nyumba zote na kwako waache, hao mende watakimbilia wapi?"

"Kwangu nimeziba."

"Umeziba. Watajificha ukutani, dawa ikiisha nguvu watashuka kwangu. Mimi sijaziba. Na mjukuu wangu anakuja mwezi ujao, nitampokea na kijiji cha chifu?"

Unaona? Kumbe hata kukataa kunateremka kwa mtu. Niliondoka pale nimenuna, si kwa sababu amekosea.

Jana nikarudi kwake na mfuko wa nyuzi za chuma na ndoo ya plasta. Nikamwambia nitakuzibia nyumba nzima, leo, mimi na mikono yangu, na wewe usifungue, tusimame wawili. Akatazama ndoo. Akasema, "Mimi nina karatasi za uhamiaji zinazosubiri kujibiwa, siwezi gombana na mtu yeyote saa hii. Ziba, asante. Lakini mimi nitafungua." Nikaziba. Nilirudi jioni na plasta kwenye nyusi, ukaniuliza nilikuwa wapi, nikasema kanisani. Samahani kwa hilo.

Kwa hiyo kesho Nyambura anafungua. Yule mama wa Guatemala anafungua. Kila mtu anafungua, na mimi siwalaumu, kila mtu ana kinachombana. Nimebaki mimi. Meneja ana ufunguo wa mlango wangu kwenye lile furushi, akitaka ataingia bila mimi, lakini nimemsoma miaka yote, anapenda mtu afungue mwenyewe, atabasamu, asaini. Nikimpisha, nabaki na nyumba yetu, na chumba chako kinakusubiri Desemba, na harufu ile kwenye godoro lako. Nikisimama, huenda Desemba unafikia kwa shangazi yako, tunalala sebuleni, na mimi naanza upya kukwangua mafuta ya watu nyuma ya jiko la watu. Sikwambii naogopa. Naogopa kidogo. Nguo nimeshazipanga, zile za kukaa mlangoni: suruali ya jinzi na lile shati la njano unalosema linaumiza macho. Nataka limuumize.

Nitakuwekea barua hii juu ya begi, uisome kabla mjomba hajapiga honi. Usinihurumie, na usinijibu lile jibu la mtoto mzuri, do what makes you happy, Mama. Nijibu kama mtu mzima anayelipa kwa pumzi zake. Kwa Kiingereza pia sawa, nitasikia. Wakigonga kesho, mimi sina mtoto mgonjwa ndani, nina mimi tu. Ungekuwa wewe ndiye umeshika kitasa, Chiriku, ungefanyaje?